Plau Lililochomelewa Mtaani: Maswali ya Anayetaka Kuuza Zana za Trekta

Mafundi wengi wanaounda zana za trekta hapa nchini hawakuanza kama watengenezaji. Walianza na mageti na grili za madirisha. Siku moja akaja mwenye trekta na plau lililopasuka fremu, likashonwa, likarudi shambani. Msimu uliofuata akaja mwingine na ombi jipya: niundie kama lile. Hapo fundi akaingia biashara nyingine bila kujua kwamba ameingia. Kumtengenezea jirani unayesalimiana naye kila siku ni jambo moja. Kumuuzia mtu atakayelivuta plau hilo hadi Kiteto, usimwone tena mpaka siku amekasirika, ni jambo lingine kabisa. Majibu haya yanahusu Tanzania Bara.

Naruhusiwa kuuza plau nililotengeneza mwenyewe?

Unaruhusiwa. Hakuna sheria inayosema jembe la trekta lazima litoke kiwanda kikubwa. Kinachotakiwa ni biashara yenyewe iwe halali: uwe na TIN ya TRA, uwe na leseni kutoka halmashauri yako, na kama hutumii jina lako halisi, jina la biashara lisajiliwe BRELA. Ukienda kwa ofisa biashara, mweleze wazi kwamba unaunda zana na kuziuza, wala si kuchomelea tu, ili leseni ilingane na kazi. Karakana yenye vijana wanaofanya kazi inatakiwa pia kusajiliwa OSHA kama sehemu ya kazi, chini ya sheria ya mwaka 2003. Wengi huikumbuka OSHA siku kijana amepofuka jicho kwa cheche za grainda.

Anayeona ofisi hizi ni nyingi aanzie SIDO ya mkoa wake. Shirika hilo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hii hii, na barua yake ya utambulisho hufungua milango mingine.

Lazima niwe na nembo ya TBS?

Kwanza lililo wazi: ukibandika nembo ya TBS bila leseni ya TBS, umevunja sheria, hata kama plau lako ni zuri kuliko la kiwandani. Kuhusu kuipata, TBS imekuwa na utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO kwa unafuu mkubwa wa gharama, kwa hiyo usiikimbie ofisi hiyo kwa kusikia tu kwamba ni ghali. Kwa zana za kilimo kuna pia CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali kinachoshughulika na zana na teknolojia za vijijini, ambacho kazi zake ni pamoja na kuzifanyia majaribio mashine za kilimo. Karatasi ya majaribio inamshawishi mnunuzi kuliko maneno yako, hasa mnunuzi akiwa chama cha ushirika au mradi unaotakiwa kutunza nyaraka.

Nimeiga plau la kiwanda. Nimeiba?

Inategemea umeiga nini. Hataza hulindwa nchini zikisajiliwa hapa, BRELA au kupitia ARIPO, shirika la hakimiliki za ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, na zina mwisho wake. Mfumo wa mikono mitatu unaobeba plau nyuma ya trekta uliendelezwa na Harry Ferguson wa Ireland miaka ya 1920, na hataza zake zilikwisha zamani. Ndiyo maana dunia nzima inautumia na hakuna anayedaiwa. Umbo la fremu ya diski tatu nalo ni la kale.

Jina na nembo ya biashara ni habari nyingine, maana alama ya biashara huhuishwa, na mwenye nayo anaweza kuishika vizazi na vizazi. Ukipaka plau lako rangi ya kampuni fulani, kisha ukaandika jina la kampuni hiyo ubavuni, hapo unauza bidhaa bandia. Hata rangi peke yake siipendi: mteja akidhani kanunua la nje, sifa ya kazi yako inakwenda kwa mtu mwingine. Gonga jina lako kwenye fremu kwa herufi za chuma, na namba ya kila plau chini yake. Na kama umebuni kitu kipya kweli kweli, nenda BRELA kwanza kabla hujakipeleka kwenye maonyesho.

Mteja anasema plau haliingii kwenye trekta lake. Nimekosea wapi?

Hapa ndipo kazi nyingi za mtaani zinapokwama, na mara nyingi kuchomelea hakuna lawama. Fundi anachomelea vizuri, ila amepima kwa futi ya kamba kutoka kwenye plau la zamani ambalo matundu yake yalikwisha kulika.

Vipimo vya mikono mitatu ni vya kimataifa, na vinagawanywa kwa madaraja. Daraja la 1, la matrekta madogo, lina pini ya chini ya milimita 22 na pini ya juu ya milimita 19. Daraja la 2, ambalo ndilo la matrekta mengi ya kati yanayolima kwa kukodishwa vijijini kwetu, lina pini ya chini ya milimita 28 na ushee na ya juu ya milimita 25 na ushee. Upana kati ya sehemu mbili za kushikia chini ni milimita 683 kwa daraja la 1 na milimita 825 kwa daraja la 2. Kutoka usawa wa pini za chini hadi ya juu ni milimita 460 kwa la kwanza na 610 kwa la pili. Andika namba hizi ukutani karakana kwa rangi, mahali mwanafunzi atakapoziona.

Mnunuzi mzoefu humtambua fundi kwenye tundu la pini. Ataingiza kidole na kuzungusha. Tundu lililochimbwa kwa drili ni duara, ukuta wake ni laini, na pini inaingia kwa kusukumwa kidogo. Tundu lililotobolewa kwa tochi ya gesi lina mikwaruzo kama meno, na ukilitazama kwa juu lina umbo la yai. Pini itacheza humo tangu siku ya kwanza, na kila trekta likinyanyua plau mwishoni mwa shamba, uzito wote unagonga sehemu moja ile ile. Baada ya heka kadhaa tundu limekuwa refu na plau linalima kwa kupinda. Kama huna drili kubwa, toboa dogo kwa gesi, kisha mpelekee mwenye mashine ya kutobolea alimalizie. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na safari moja ya kumfuata mteja.

Usisahau uzito. Plau likiwa zito kupita trekta, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani haushiki, na mlimani trekta linaweza kunyanyuka mbele. Muulize mteja nguvu ya trekta lake kabla hujakata chuma. Anayejibu tu kwamba ni Massey, mwombe picha ya kibati cha injini.

Zana zinazozungushwa na trekta, kama mashine ya kupukuchua mahindi, zina masharti zaidi?

Zina hatari zaidi, na hapa naomba fundi asiwe na haraka. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ile ya milimita 35 yenye meno sita, ikinasa ncha ya khanga, inavuta kitambaa karibu mita moja kwa sekunde. Ukisikia ukelele, ukageuka kumwita dereva azime, kitambaa chote kimekwisha na mwili umefuata. Kwenye mashine ya mahindi watu husogea karibu: akina mama wanapepeta, watoto wanaokota punje.

Kwa hiyo shafti iwe na kava kuanzia kwenye trekta hadi kwenye mashine, hata kama mteja ataliona ni gharama za bure. Pia kuna matrekta yenye PTO ya mizunguko 1,000. Meno ya shafti hiyo ni 21 yakiwa kwenye milimita 35 ile ile, hivyo haiingiliani na ya 540. Akija mtu na adapta ya kulazimisha ndoa hiyo, kataa. Mashine uliyoipigia hesabu ya 540 ikizungushwa karibu mara mbili inaweza kurusha vyuma.

Jambo la mwisho ni bolti ya usalama, ile laini inayokatika ili giaboksi isivunjike. Wateja huibadilisha na bolti ngumu au kipande cha nondo kwa sababu imewachosha kukatika. Mpe mteja bolti tano za akiba pamoja na mashine, na bati dogo lililoandikwa aina yake likiwa limefungwa pale pale inapokaa. Anayekuta ya akiba karibu hatafuti nondo.

Naweza kutumia chuma chakavu?

Unaweza, ukijua ni chuma gani. Springi za lori zinapendwa kwa meno ya ripa kwa kuwa ni ngumu na hazilainiki upesi kwenye ardhi kavu. Lakini ugumu huo huo ndio unaoponza: ukiichomelea baridi kwa vijiti vya kawaida vya grili, inapasuka pembeni mwa mshono, na ukiimwagia maji ili ipoe haraka umeimaliza. Ipashe moto kwanza, tumia vijiti vya 7018 vilivyohifadhiwa pakavu, kisha iache ipoe taratibu ndani ya majivu au mchanga mkavu. Salama kuliko yote ni kuifunga kwa bolti, na likilika jino mteja analibadilisha mwenyewe.

Kununua kwa wauza skrapa kuna jambo moja la nje ya ufundi. Reli, nguzo za umeme na vyuma vya madaraja huibwa, na kukutwa navyo ni kesi. Dai risiti.

Likivunjika shambani, nani analipa?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwa ufupi hivi: mnunuzi akikueleza kazi anayotaka kifaa kifanye, na akategemea ujuzi wako, basi kifaa lazima kiifae kazi hiyo. Fundi aliyeambiwa "nataka la kulimia udongo mzito wa mbuga" akauza la kichanga hawezi kujificha nyuma ya neno "umeliona kabla hujanunua".

Wekeni maandishi, hata ukurasa mmoja wenye sahihi mbili. Taja aina ya trekta, udongo, malipo ya awali na siku ya kukabidhi. Taja pia dhamana. Naona msimu mmoja kwa fremu na mishono ni haki. Diski, bolti na beringi ni vitu vya kulika, visiwemo. Andika kwamba dhamana inakufa plau likichomelewa na fundi mwingine au likivutwa kwenye visiki, kwa sababu hayo ndiyo mabishano yatakayokuja.

Na usipake rangi kabla mteja hajaona mishono. Rangi nzito kwenye mshono inafanya watu wadhani umeficha kitu, na mara nyingine huwa hawajakosea.

Nipange bei vipi?

Wengi huuliza bei ya la kiwandani, wakapunguza theluthi. Hiyo ni njia ya kufilisika polepole. Anza na uzito. Bapa la milimita 100 kwa 12 lina takribani kilo 9.4 kwa mita, kwa hiyo urefu wa mita sita ni kilo 56 na kitu. Ukijua bei ya kilo, unajua fremu imekula kiasi gani hata ukitumia mabaki. Ongeza diski na beringi, vijiti, umeme, mawe ya grainda, rangi na usafiri. Siku zako mwenyewe zihesabu kama siku za mtu unayemlipa. Kisha weka fungu la dhamana: tuseme kati ya plau kumi moja litarudi kukarabatiwa, gharama ya hilo moja igawanywe kwenye yote kumi.

Vipi kuhusu VAT na risiti?

Sheria ya VAT ya mwaka 2014 ina orodha ya zana za kilimo zilizosamehewa, na majembe ya trekta na haro yamo. Msamaha huo una upande wa pili: VAT uliyolipa dukani uliponunua vyuma hairudishwi, kwa hiyo iingize kwenye gharama. Risiti toa, na ukifikia kiwango cha mauzo kinachodai mashine ya EFD, uwe nayo.

Na tela?

Tela likikaa shambani ni zana, likiingia lami ni chombo cha barabarani. Linahitaji taa za nyuma, viakisi mwanga na breki zinazofanya kazi, na suala la usajili lizungumzwe na TRA kabla ya kukabidhi. Tela lenye tani tano za mahindi linateremka mlima likiwa zito kuliko trekta linalolivuta. Fundi asiyejua kufunga breki za tela aendelee na plau.

Niuze lini na wapi?

Wateja wanaulizia Novemba, mvua ikiwa imeshapiga ngurumo, lakini fedha zao zilikuwepo Julai na Agosti, mahindi yalipouzwa. Maonyesho ya Nane Nane yanaangukia humo humo: Nzuguni Dodoma, Themi Arusha, viwanja vya John Mwakangale Mbeya, Nyakabindi Simiyu. Banda peke yako ni ghali, ila SIDO na halmashauri huwa na mabanda yao, na huingiza mafundi wa eneo lao ukiomba mapema. Nenda na plau moja lililokwisha kulima, lenye diski zilizong'aa kwa udongo, na lingine jipya pembeni yake. Pokea oda kwa malipo ya awali yatakayotosha vyuma, na usipokee nyingi kuliko unazoweza kukabidhi kabla ya mwisho wa Oktoba.