Kipakatalishi Kinapokataa Kuwaka: Funzo kwa Mtafiti wa Nyanjani

Makala haya yanamlenga mwanafunzi wa fasihi simulizi anayehifadhi data yake yote katika kipakatalishi kimoja (wapo wanaokiita mpakato, mjadala huo tuuache kwa leo). Nilikuwa nimekusanya nyimbo za kilumi kule Mutomo, Kitui, kisha nikavuka hadi Kibwezi, Makueni. Asubuhi moja chombo kikawaka taa tu, kiwambo kikabaki cheusi. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee ambao sikuwa na hakika kama wangeniimbia tena.

Fundi wa kwanza alitaka kuweka Windows upya papo hapo. Nilikataa. Kazi za mtafiti hukaa katika diski kuu, nayo aghalabu huwa nzima hata mashine isipowaka. Kuweka programu endeshi upya ndiko kunakoweza kuzifuta.

Basi tuanze na umeme. Ijaribu soketi kwa kuchaji simu. Chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, kisha ubonyeze swichi kwa nusu dakika ili umeme uliosalia uishe. Rudisha chaja pekee, uwashe. Yaonekana kama mzaha, lakini mara nyingine hufaulu. Feni ikivuma na kiwambo kikiwa cheusi, kimulike kwa tochi kutoka upande. Ukiona picha hafifu, iliyokufa ni taa ya kiwambo tu. Usipoona kitu, shuku kibao cha RAM, ambacho hulegea kwa mitikisiko ya barabara au kuingiwa na vumbi. Na vumbi Ukambani halina uhaba.

Mashine ikifika kwenye nembo ya Windows na kukwama, chomoa flashi zote kwanza. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, hufungua zenyewe ukurasa wa urekebishaji. Usikubali kufuta chochote hapo kabla ya kunakili faili. Waweza kuiwasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuisakinisha, ukazinakili. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo. Uandike daftarini kabla ya safari. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima mara moja, kwani kila jaribio huidhuru zaidi.

Changu kilikuwa kibao cha RAM. Fundi wa pili, mjini Wote, alikitoa, akakifuta, akakirudisha, kiwambo kikawaka. Sikuondoka dukani kwake hadi nilipozinakili nyimbo zote katika diski mbili.