Nyumba ya Mawe Haitaki Saruji

Lipu ikianza kubambuka ukutani, wengi hukimbilia saruji. Kwa nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, hilo ni kosa linaloweza kuigharimu nyumba yenyewe, na sababu yake imo ndani ya jiwe.

Jiwe hilo ni tumbawe la kale lililobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Lina matundu mengi na halichongeki kirahisi. Kwa hiyo waashi walilipanga vipande vipande, wakajaza udongo, mchanga na chokaa, ukuta ukafika unene wa nusu mita au zaidi, kisha wakaupiga lipu ya chokaa. Tumbawe laini lilitolewa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Ndilo lililopamba mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107. Hata chokaa ni tumbawe: hupangwa juu ya magogo, likachomwa, kisha likatiwa maji. Juu ya kuta zikalazwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 3 tu.

Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha huutoa nje kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hukwama ndani. Chumvi hujikusanya, udongo ulioshikilia mawe hulainika, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila mtu kuziona. Kwa nje nyumba hupendeza kwa muda. Huo ndio ubaya wake mkubwa, kwa kuwa mwenye nyumba huamini kazi imekwisha.

Ukitaka kuikarabati nyumba kama hii, anzia juu, kwenye paa. Ziba panapovuja, safisha mifereji, kisha tazama mabomba ya choo na jikoni. Ng'oa miche inayoota kwenye nyufa ingali midogo, kwani mzizi wa mtini hupasua ukuta. Lipu ya saruji ibanduliwe polepole kwa mkono, bila mashine ya kutikisa mawe. Ukuta uachwe ukauke, ndipo upigwe chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tabaka jembamba baada ya jingine, huku ikinyunyiziwa maji isikauke haraka ikapasuka. Ni kazi ya miezi, na fundi anayekuahidi wiki moja hafai. Boriti iliyooza ibadilishwe kwa boriti.

Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na ukarabati wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nenda huko kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.