Kukagua Nyufa za Springi za Lori la Majani Chai

Lori linalobeba majani chai Kebirigo au Nyansiongo hushinda kwenye vilima na njia za mashimo. Kila shimo huikunja springi na kuiachia. Chuma huchoka hivyo: ufa huanzia usoni mwake, kisha husogea kidogo kwa kila mkunjo.

Kwanza, liegeshe likiwa tupu, mahali tambarare, ukazuie magurudumu kwa mawe. Usiliinue kwa jeki, kwa sababu uzito wake huufungua ufa kidogo. Sugua mabamba kwa brashi ya waya. Chunguza macho ya bamba la kwanza, kingo zilizo karibu na bolti ya katikati, na kila penye kovu la kutu au alama ya nyundo. Springi ikifunguliwa, kagua na tundu la bolti lenyewe. Nyufa nyingi huzaliwa hapo.

Pili, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chaki.

Tatu, ukiuona ufa, usichomelee. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6. Kiwandani hupashwa moto hadi nyuzi 850 hivi, huzimwa ndani ya mafuta, kisha hupashwa tena kwa moto wa wastani ili chembe zake ziwe ngumu lakini zinyumbuke. Moto wa kuchomelea hufuta kazi hiyo yote. Kando ya mshono chuma hupoa ghafla na kuwa kikavu kama kigae. Mbele kidogo hulainika kupita kiasi. Mshono wa fundi hodari mjini Kisii utapendeza macho, lakini ufa mpya utaanzia papo hapo pembeni.

Nne, bamba likivunjika, lisome. Eneo laini lenye mistari ya upinde ni njia ya ufa. Eneo la chembechembe ndilo lililokatika mara moja. Eneo laini likiwa kubwa, kagua mara nyingi zaidi. Likiwa dogo, punguza mzigo.

Mzigo ni muhimu kwa sababu mpangilio wa chembe za chuma huuzuia ufa hasa ungali mchanga. Ukishakua, nguvu ya mkunjo ndiyo huamua: ikiongezeka kwa asilimia 20, mwendo wa ufa huongezeka kwa takriban asilimia 70.

Basi bamba lenye ufa libadilishe leo, kabla lori halijashuka tena Keroka na watu ndani.