Bei ya sekunde moja: hesabu kwa mnunuzi wa krosova za kifahari

MFANYABIASHARA mwenye mtaji wa gari moja hana nafasi ya kukosea mara mbili. Akiagiza gari la kifahari, likakaa yadi miezi sita bila mnunuzi, mtaji wake wote umelala pale pamoja na ushuru alioulipia. Somo la wiki hii linahusu tarakimu moja ndogo ambayo huwavutia wanunuzi wengi na kuwaponza baadhi yao. Nayo ni muda ambao gari hutumia kutoka kusimama hadi kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Madereva husema gari fulani "linachanganya" haraka. Kwenye vipeperushi vya watengenezaji, kuchanganya huko huandikwa kwa sekunde. Katika soko la krosova ndogo za kifahari, yaani magari kama Porsche Macan, BMW X3, Audi Q5, Mercedes-Benz GLC na Lexus NX, tarakimu hiyo ndiyo hutenganisha toleo la bei ya chini na toleo la bei ya juu la gari lile lile. Umbo ni moja, milango ni ile ile, lakini bei hupishana sana.

HESABU YA KWANZA: UZITO KWA NGUVU

Mnunuzi hana haja ya kusubiri kipeperushi. Achukue uzito wa gari kwa kilo, agawe kwa nguvu farasi za injini. Jibu litakuwa karibu sana na sekunde za kiwandani.

Mfano ni Porsche Macan S iliyoingia sokoni mwaka 2014. Ina nguvu farasi 340 na uzito wa kilo 1,865. Ukigawa unapata 5.5, na kiwanda kilitaja sekunde 5.4. Ndugu yake, Macan Turbo ya mwaka huo huo, ina nguvu farasi 400 na kilo 1,925. Jibu ni 4.8, na kiwanda nacho kilitaja 4.8. Mercedes-AMG GLC 63 S ya mwaka 2017 ina nguvu farasi 510 na uzito wa takriban tani mbili. Hesabu inatoa 3.9, kiwanda kilitaja 3.8.

Hii si kanuni ya fizikia. Ni ulinganifu wa vipimo unaotokea kwa sababu injini haitoi nguvu yake yote tangu mwanzo. Gia hubadilika, matairi huteleza kidogo, na hewa hulizuia gari. Kwa wastani, nusu tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi, au zaidi kidogo, ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Njia hii hufaa zaidi kwa gari lenye turbo, giaboksi ya otomatiki na magurudumu manne yanayovuta. Gari la umeme huishinda hesabu hii, kwa sababu mota yake hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha magurudumu tangu dereva anapokanyaga. Macan Turbo ya umeme ya mwaka 2024 ina uzito wa kilo 2,400 hivi na nguvu farasi 639. Kwa hesabu ingepata 3.8, lakini kiwanda kinataja 3.3.

Faida ya hesabu hii kwa mfanyabiashara ni kumkinga na maneno ya muuzaji. Akiambiwa kwamba gari la kilo 1,800 lenye nguvu farasi 180 linafika kilomita 100 kwa sekunde sita, ajue palepale kwamba anadanganywa.

HESABU YA PILI: BEI YA SEHEMU MOJA YA KUMI

Nchini Marekani, Macan S ilipoanza kuuzwa ilitajwa kwa dola 49,900 na Macan Turbo kwa dola 72,300. Tofauti ni dola 22,400. Tofauti ya mwendo ni sekunde 0.6, yaani sehemu sita za kumi. Gawa: kila sehemu moja ya kumi ya sekunde ilimgharimu mnunuzi zaidi ya dola 3,700.

Ni kweli kwamba fedha hizo zilinunua pia breki kubwa zaidi, magurudumu makubwa zaidi na vifaa vingine vya ndani. Hata hivyo, hesabu inaonyesha jambo ambalo mwekezaji mdogo asilisahau: kadiri gari linavyokuwa jepesi wa kuchanganya, ndivyo kila kipande kinachoongezwa kinavyozidi kuwa ghali.

Gari linapozeeka, pengo la bei kati ya matoleo hayo mawili hupungua. Hapo ndipo mtego ulipo. Mnunuzi huona toleo la juu limeshuka hadi karibu na toleo la chini, akadhani ameokota dhahabu. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri haikushuka nayo. Breki, matairi na turbo mbili za injini ya lita 3.6 bado ni vya gari la dola 72,300. Mteja wa yadi anayeuliza bei ya vipuri kabla ya kulipa huondoka bila kurudi.

HESABU YA TATU: MAHALI GARI LITAKAPOISHI

Injini hula hewa pamoja na mafuta. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya ni vivyo hivyo. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho hicho. Injini yenye turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo hupoteza kidogo tu.

Gari linalofaa kwa mfano huu ni Toyota Harrier, ambalo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri. Toleo la lita 2.0 lisilo na turbo lililotoka mwaka 2013 lina nguvu farasi 151 na uzito wa kilo 1,600 hivi. Mwaka 2017 liliongezwa toleo la turbo la lita 2.0 lenye nguvu farasi 231, lenye uzito wa kilo 1,700 hivi.

Pwani, toleo la kwanza linapata 10.6 na la turbo 7.4. Tarakimu hizi ni za kulinganishia tu, si za kiwanda. Bara, nguvu farasi 151 zinabaki kama 128, na jibu linapanda hadi 12.5. Gari limepoteza karibu sekunde mbili bila nati moja kuguswa. La turbo lichukuliwe kuwa limefika 7.6.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba tofauti ya bei kati ya magari hayo mawili yadini ni shilingi milioni 12 za Tanzania. Kwa mteja wa Dar es Salaam, fedha hizo zinanunua sekunde 3.2, yaani shilingi milioni 3.75 kwa kila sekunde. Kwa mteja wa Mbeya zinanunua sekunde 4.9, yaani chini ya shilingi milioni 2.5 kwa sekunde. Gari ni lile lile na bei ni ile ile, lakini mteja wa nyanda za juu anapata zaidi.

SAA YA NANI?

Ulaya na Japani hupima hadi kilomita 100 kwa saa. Marekani hupima hadi maili 60, ambazo ni kilomita 96.6 tu. Zaidi ya hapo, baadhi ya wapimaji wa Marekani huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja, na hivyo kuondoa hadi sekunde 0.3. Tarakimu za nchi mbili zisilinganishwe kabla ya kujua zimepimwaje.

GARI LILILOTUMIKA

Sekunde za kipeperushi ni za gari jipya, lenye dereva peke yake. Abiria wanne wakiongeza kilo 300 kwenye Harrier isiyo na turbo, hata pwani jibu linapanda kutoka 10.6 hadi 12.6. Injini ya Harrier ya turbo ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu. Ikipewa ya daraja la chini, kompyuta yake hupunguza nguvu ili kuilinda. Matairi yaliyokwisha, chujio la hewa lililoziba na oili ya giaboksi isiyobadilishwa pia hula sekunde.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, mfanyabiashara afanye mambo manne. Agawe uzito kwa nguvu farasi. Agawe tofauti ya bei kwa tofauti ya sekunde. Aulize bei ya breki, matairi na turbo katika maduka ya vipuri ya mji wake. Mwisho, amtaje mteja anayemlenga na mji anakoishi. Ikiwa mteja huyo atashinda kwenye foleni za Dar es Salaam, toleo la chini lenye rekodi kamili ya matengenezo litatoka yadini mapema zaidi. Ikiwa atapanda milima ya Mbeya au Nairobi na familia ndani, turbo inaweza kulipa, ili mradi hesabu ya vipuri imefanywa kwanza.