Kabla ya Kumruhusu Kwenda Shoo, Mfundishe Kuondoka

Kila Septemba, shoo ya kilimo ya Kabiru-ini inapokaribia, kesi huwa ni ile ile katika nyumba nyingi za hapa Giakanja, Nyeri. Mtoto aliyekuwa akienda huku ameshikwa mkono sasa yuko Gredi ya Saba au ya Nane, sauti imeanza kukwaruza, na hataki tena kuonekana na mamake. Anataka kwenda na wenzake. Baba anasema aende, kwani yeye mwenyewe alienda akiwa mdogo kuliko huyo. Cucu, nyanya yake, anasema dunia imeharibika. Mwishowe mtoto hupewa jibu kulingana na nani aliamka na hasira siku hiyo.

Mimi nimesikiliza kesi hiyo na kifungua mimba wangu, na sasa nimeisikiliza tena na wa pili, ambaye kwa desturi yetu amebeba jina la baba yangu, ndiyo maana namwita "baba" hata ninapomgombeza. Nimejifunza kutoamua kwa umri, wala kwa alama za mtihani, wala kwa jinsi anavyokaa kanisani. Kipimo changu ni kimoja: je, mtoto huyu anaweza kuondoka mahali ambapo wenzake wanataka kubaki?

Ukitafakari, karibu kila baya la sherehe ya umati lina dakika zake za mwanzo ambazo mtoto angeweza kugeuka na kwenda zake. Meza ya kamari ya pata potea ina dakika hizo. Chupa inayopitishwa kutoka mkono hadi mkono inazo. Lango linaloanza kujaa linazo, na matatu ya mwisho kuelekea nyumbani pia inazo. Mtoto asiyejua kuondoka hatasaidiwa na mawaidha yote utakayompa mlangoni.

Mweleze umati unavyoua

Watoto wengi, na wazazi pia, hudhani watu hufa kwenye umati kwa kukanyagwa. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Kifua hubanwa pande zote mpaka hakina nafasi ya kupanuka kuvuta hewa. Watu wawili au watatu katika mita moja ya mraba hutembea bila shida. Wakifika watano au sita, mtu hachagui tena aelekee wapi: msukumo wa nyuma humpitia kila mmoja kama wimbi, na wa mbele hana pa kurudi.

Usiku wa 29 Oktoba 2022, katika mtaa wa Itaewon jijini Seoul, Korea Kusini, vijana waliojaa barabarani kusherehekea walibanana kwenye kichochoro chenye mteremko, upana wake mita tatu na kitu tu. Waliokufa walihesabiwa kuwa 159. Ninachomsisitizia mwanangu katika habari hiyo ni saa. Simu ya kwanza ya kuwaonya polisi ilipigwa mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni, na maafa yakatokea baada ya saa nne usiku. Zaidi ya saa tatu zilipita huku dalili zikiwa wazi kwa aliyejua kuzisoma.

Wala si mambo ya Asia pekee. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, katika jumba la biashara la Freedom City jijini Kampala, watu walisongamana wakati wa fataki na takriban tisa wakafa, wengi wao watoto na vijana. Hapa kwetu, Oktoba 2010, mashabiki saba walifariki katika uwanja wa Nyayo kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Simwambii haya ili aogope. Shoo nyingi huisha salama, na ukweli ni kwamba hatari ya kukosa gari la kurudi ni kubwa kuliko ya kubanwa. Namwambia ili ajue dalili, nazo ni rahisi kukumbuka. Mabega yako yote mawili yakigusa watu usiowajua, anza kutoka. Ukishindwa kuinua mkono hadi usoni, umechelewa. Sasa fanya haya:

- Kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mapafu yapate nafasi.
- Usishindane na msukumo wala usirudi nyuma. Msukumo ukitulia kidogo, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, lakini usikubali kubanwa ukutani au kwenye ua wa mabati.
- Kilichoanguka kimeanguka. Usiiname kuokota simu, kofia wala kiatu.
- Ukianguka na ukashindwa kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje, linda kichwa na kifua.

Tunayafanya kwa vitendo jikoni, tukicheka. "Baba, ukisukumwa kutoka nyuma?" Anakunja mikono. Dadake mdogo ndiye umati.

Mazoezi huanza miezi kabla ya Septemba

Usimpime mtoto kwa mara ya kwanza Kabiru-ini. Uwanja ule ni mkubwa kiasi kwamba sherehe ya kitaifa ya Madaraka ya 1 Juni 2017 ilifanyiwa hapo. Anza na umati mdogo unaoujua.

Soko la Karatina, siku ya soko, ni darasa tosha. Mimi hukaa pembeni na mizigo, yeye huingia na orodha: nyanya, viazi, ndizi. Tunakubaliana mahali na saa ya kukutana. Akishazoea hilo, naongeza la pili, ambalo ndilo mtihani wenyewe: nampigia simu katikati na kumwambia, "Ondoka sasa, hata kama hujamaliza." Haulizi kwa nini. Anaondoka. Mara ya kwanza atakuja analalamika kwamba alikuwa karibu kupunguziwa bei ya viazi. Vizuri. Mtoto amejua kwamba jambo linaweza kuachwa nusu na dunia isianguke.

La tatu ni gumu zaidi, kwa sababu wenzake wapo. Nampa ruhusa ya kwenda kutazama fainali ya mpira wa mtaani kwa sharti moja: saa kumi na moja awe njiani, hata wakiwa wanaingia penalti. Wangu alirudi amenuna kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Lakini alirudi kwa saa, na kwangu mimi siku hiyo ndiyo aliyopata ruhusa ya shoo, ingawa sikumwambia papo hapo.

Kundi dogo, na mwenye saa

Nyeri tuna bahati ya mfano ulio karibu. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifia hapa Januari 1941 na kuzikwa mjini. Kila Februari, karibu na tarehe 22 ambayo ndiyo siku aliyozaliwa, skauti kutoka kaunti mbalimbali huja kwa wingi na kuandamana hadi kaburini. Ukiwatazama wakipita, utaona watoto wa rika la wangu wakitembea ndani ya umati bila kupotea. Siri yake ni ya zamani: vikundi vya watoto sita hadi wanane, kila kikundi na kiongozi wake ambaye naye ni mtoto.

Nimeichukua siri hiyo na kuipunguza. Kwa shoo nataka watoto wanne, si wawili na si kumi. Wanne hugawanyika wawili wawili, hivyo hakuna anayekwenda chooni peke yake. Kumi hawawezi kukubaliana hata juu ya chipsi. Kabla ya siku hiyo nazungumza na wazazi wa wale wengine watatu, na sote tunatoa saa ile ile ya kurudi. Mzazi mmoja akisema saa tisa na mwingine saa moja jioni, mtoto wako ndiye atakayeonekana mshamba.

Kisha tunachagua mwenye saa. Huyu si lazima awe mkubwa wala mwenye maneno mengi. Kazi yake ni kusema, "Tumefika saa, twende," na wengine wameapa mbele ya mama zao kumfuata.

Saa, mahali na nauli

Kutoka Kabiru-ini, upande wa barabara ya Mweiga, mtoto wa Giakanja anahitaji gari la kumfikisha Nyeri mjini, kisha jingine la kumleta nyumbani. Jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu. Ukihesabu foleni ya langoni, msongamano wa barabarani na kungoja matatu ijae, anayetoka uwanjani saa kumi na moja atafika gizani. Kwa hiyo wangu huingia asubuhi na mapema, mabanda yakiwa bado na nafasi na ng'ombe wa maonyesho wakiwa bado wasafi, na hutoka saa tisa. Kundi kubwa la watu hutoka jioni. Yeye awe ameshavua viatu nyumbani.

Mahali pa kukutana wakipoteana pasiwe langoni, kwani kila mtu hukutana langoni. Wachague jengo la kudumu ndani ya uwanja, mbali na jukwaa la muziki, na walitembelee mara tu wanapoingia ili wote wanne waone ni lipi.

Pesa zigawanywe. Za kula ziwe mfukoni, nauli ya kurudi iwe ndani ya soksi, na iwe na nyongeza, maana siku ya shoo makanga hawana huruma. Simu ninayompa ni ile ndogo ya vitufe, mulika mwizi. Haina cha kumtamanisha mwizi na chaji yake hudumu. Mtandao unapozidiwa, ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu ya sauti inapogoma, kwa hiyo amezoea kuandika kwanza. Namba yangu anaijua kwa kichwa, na ipo pia kwenye karatasi mfukoni. Anajua 116 ya kusaidia watoto, ambayo hailipiwi, na 999 au 112 za polisi. Asubuhi hiyo nampiga picha mlangoni, ili nikiulizwa alivaa nini nisianze kubabaika.

Mambo ya kuyataja kwa jina

"Uwe mwangalifu" haimwambii mtoto chochote. Mwambie hivi: pata potea haina mshindi, yule anayeshinda mbele yako ni mwenzao. Soda iliyofunguliwa na mtu mwingine usinywe, hata akiwa ni kaka wa rafiki yako, kwa sababu watu huwekewa mchele, yaani dawa za kulevya. Muguka ukiambiwa ni majani tu, hata bangi ni majani. Pombe kwa aliye chini ya miaka 18 imekatazwa na sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, na anayekuuzia anajua anavunja sheria.

Halafu mpe njia ya kutoka bila aibu. Sisi tuna ujumbe wetu: akiniandikia, "Cucu anaendeleaje?" mimi nampigia na kufoka kwa sauti ya kusikika hadi kwa wenzake kwamba arudi nyumbani mara moja. Yeye anapandisha mabega, anasema, "Mnajua mama alivyo," na anaondoka. Nimekubali kuwa mbaya mbele ya vijana wa kijiji kizima. Bei hiyo si kubwa.

Ninaposema hapana

Nasema hapana kwa tamasha la usiku, kwa eneo ambalo pombe ndiyo biashara kuu, na kwa mkutano wa siasa hata ukipambwa kwa wasanii. Nasema hapana ikiwa uwanja una njia moja tu ya kutoka. Nasema hapana ikiwa sijazungumza na wazazi wa wenzake. Na nasema hapana ikiwa wiki hiyo hiyo ameshindwa kurudi kwa saa kutoka mahali padogo.

Sisemi hapana kwa sababu mtoto ni msichana. Nawajua wazazi wanaomruhusu mvulana wa miaka 13 na kumfungia dadake wa 15. Msichana ana hatari zake za ziada, na hizo tutazitaja wazi: kushikwashikwa kwenye msongamano, na wanaume wakubwa wanaojifanya marafiki. Lakini dawa ni ile ile: kundi la wanne, saa ya mchana, na ruhusa ya kupiga kelele na kuondoka bila kuomba radhi. Binti yangu zamu yake inakuja, na ameshaanza na nyanya za Karatina.

Akirudi

Usianze na maswali ya polisi. Mpe chakula, mwache asimulie ng'ombe na bembea. Baadaye uliza jambo moja: "Leo uliondoka wapi kabla ya wenzako?" Akikujibu kwamba waliona jukwaa limejaa wakaenda kutazama sungura, mwongezee saa moja mwaka ujao. Akisema hakuondoka popote kwa sababu kila kitu kilikuwa kizuri, hilo pia ni jibu zuri, ila saa ibaki tisa. Na akichelewa bila ujumbe, mwaka ujao ataenda na mimi, nikiwa nimevaa kile kitambaa changu cha kichwa anachokionea aibu. Hilo analijua tangu sasa, na sijawahi kuhitaji kulirudia.