Joto Lililofichika Katika Chokaa
Tangu kale waashi wa pwani ya Afrika Mashariki wamechoma mawe ya matumbawe wapate chokaa. Mawe hayo hasa ni kalsiamu kabonati. Gramu 100 zake, mbali na joto la kuzipasha, hufyonza kilojuli 178 hivi ndipo zivunjike kuwa kalsiamu oksaidi na gesi ya kaboni dioksaidi.

Je, nishati hiyo imepotea? La. Oksaidi hiyo ikitiwa maji hutoa kilojuli 65, hata maji yaweze kuchemka na kuruka. Mwanafunzi na akinge macho. Baadaye lipu ukutani hufyonza kaboni dioksaidi na kutoa kilojuli 113, polepole hata mkono usihisi. Jumla ni 178. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi.