SOMO LA ROBO HII: MGONJWA WA PARKINSON HUJIFUNZAJE?



Wengi wetu tunaujua ugonjwa wa Parkinson kwa dalili za nje: mkono kutetemeka, mwili kukakamaa, mwendo wa kuburuza miguu. Daktari James Parkinson wa London aliandika kuuhusu mwaka 1817. Lakini ugonjwa huu hugusa pia kumbukumbu na namna ya kujifunza. Hapo ndipo mzee huitwa mkaidi, au husemwa amerogwa.

Nini hutokea?
Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa taratibu. Sehemu za ubongo zinazoitegemea huongoza mwendo, na pia hujenga mazoea, yaani mambo tunayoyaweza kwa kurudiarudia. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitumia mchezo wa kubashiri hali ya hewa kwa kadi, ambao mtu huuzoea polepole. Wagonjwa wa Parkinson hawakuuzoea, ingawa walikumbuka vizuri yaliyotendeka katika zoezi. Watu waliopoteza kumbukumbu ya matukio walikuwa kinyume chake. Kumbe kumbukumbu ni za aina nyingi, na moja ikidhoofika nyingine yaweza kusaidia.

Vilevile, mara nyingi jambo limo akilini ila kulitoa ni kazi. Ukimuuliza mgonjwa, "Jumapili tulisoma nini?" anaweza kunyamaza. Mtajie masomo mawili achague, naye huenda akajibu sawasawa.

Mbinu za kumsaidia
1. Eleza kila hatua kwa maneno ya wazi, moja baada ya nyingine. Usiseme, "Atazoea tu."
2. Weka vikumbusho: ratiba ukutani, dawa mahali pamoja na saa ile ile.
3. Mpe nafasi ya kujibu, wala usimmalizie sentensi.
4. Usimpe mambo mawili kwa pamoja, kama kutembea huku akihesabu fedha.
5. Mfundishe jambo jipya saa ambazo dawa inamsaidia.

Usahaulifu ukizidi au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali.

Wajibu wetu
Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusu eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa ya levodopa haiponyi, lakini humrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia. Hutumiwa kila siku, na kuikatisha ghafla ni hatari. Kwa hiyo, mchango mdogo usiokatika hufaa kuliko mkubwa wa mara moja.

Maswali ya kujadili
- Je, katika jumuiya zetu yupo mzee aliyeondolewa katika huduma kwa sababu anachelewa kujibu?
- Ni kazi gani anaweza kurudishiwa akipewa vikumbusho?
- Nani atafuatilia dawa zake kila mwezi?

Kabla ya kufunga kikao, someni pamoja Zaburi ya 71, sala ya mtu aliyezeeka.